Kipanya cha USB kwenye kompyuta ya zamani: Nano, Pico au adapta ya kununua?

Kompyuta ya zamani ikishafufuka, kinachokukwamisha mara nyingi ni kipanya. Mashine inawaka, flopi inasoma, picha imetulia kwenye skrini, lakini kipanya chake cha mpira kimelika roli, au kilipotea siku nyingi. Madukani vipanya vya USB vimejaa: vinasoma meza kwa mwanga, ni vyepesi, na havihitaji kufunguliwa kusafishwa. Ila USB ilitoka mwaka 1996, na mashine ya 1987 haiwezi kuielewa. Lazima pawe na mkalimani katikati, na mkalimani huyo unaweza kumjenga mwenyewe kwa maikrokontrola ndogo (chipu moja iliyo kompyuta kamili) na jioni chache za kulehemu.

Njia zipo kadhaa na hazilingani. Anayetaka jibu kabla ya maelezo, jibu langu ni hili. Ukiwa na kipanya cha PS/2 (chenye plagi ya duara), na mashine yako ni Amiga, Atari ST au PC yenye poti ya siriali, bodi ndogo ya Arduino Nano inakutosha, tena ndiyo njia rahisi kuliko zote. Ukitaka kipanya cha USB, chukua bodi ya Raspberry Pi Pico. Ukiwa na Macintosh ya ADB (njia ya Apple ya kuunganisha kipanya na kibodi) na programu si fani yako, nunua adapta iliyokwisha kutengenezwa. Sababu zake zinafuata.

## Anza na tundu, si na chipu

Wengi huanza kwa kuuliza wanunue bodi gani. Swali hilo halijibiki mpaka ujue kompyuta yenyewe inasubiri kusikia nini, kwa sababu vipanya vya zamani havikuwa na lugha moja.

Kuna vipanya vya kwadracha, vya Amiga na Atari ST zilizotoka 1985, na vya Macintosh za mwanzo, kuanzia ile ya 1984 hadi Macintosh Plus ya 1986. Kipanya cha namna hii hakitumi ujumbe wowote. Kila mhimili una waya mbili zinazopanda na kushuka, moja ikiitangulia nyingine kwa robo ya mzunguko. Ya kwanza ikitangulia, umekwenda kulia. Ya pili ikitangulia, umekwenda kushoto. Kazi ya kuhesabu ni ya kompyuta. Vitufe ni swichi tu zinazoipeleka waya kwenye ethi (volti 0).

Kuna vipanya vya siriali vya PC. Kile cha mtindo wa Microsoft hutuma baiti 3 kwa kila taarifa, kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde, biti 7 za data, bila pariti (biti ya kukagua makosa), biti 1 ya kumalizia. Umeme wake huuiba kutoka RTS na DTR, waya za ishara za poti hiyo. Draiva (programu ya kompyuta inayokisoma kipanya) inapoiwasha RTS, kipanya kinatakiwa kujitambulisha kwa kutuma herufi M. Kikinyamaza, draiva inatangaza kwamba hakuna kipanya.

PS/2 ilikuja na kompyuta za IBM za jina hilo mwaka 1987: waya ya data, waya ya saa, volti 5, na kila baiti inasafiri ndani ya fremu ya biti 11. Hapa mazungumzo ni ya pande zote mbili, kwa sababu kompyuta nayo hutoa amri na kungoja majibu.

ADB ni ya Apple. Ilianza na Apple IIGS mwaka 1986, kisha ikaingia kwenye Macintosh SE na Macintosh II za 1987. Waya moja tu ya data, na kompyuta ndiyo inayouliza kila mara. Kipanya hujibu kinapoitwa kwa anwani yake, ambayo kwa kawaida ni 3.

Jambo la kulishika kwa makini: tundu la pini 9 la Amiga na Atari ST lina umbo lilelile la poti ya siriali ya PC, na plagi ya upande mmoja inaingia upande wa pili bila kukataa. Kwenye Amiga na Atari, pini ya 7 ni volti 5 na pini ya 8 ni ethi. Kwenye PC, pini ya 7 ni RTS, inayoweza kuwa na volti 12 chanya au hasi, na ethi iko pini ya 5. Adapta uliyoijenga kwa ajili ya Amiga ukiichomeka kwenye PC, unaweza kuiua chipu yake papo hapo. Macintosh Plus nayo ina pini 9, lakini volti 5 ziko pini ya 2. Kabla ya kuchomeka chochote pima kwa multimita, na adapta ikikamilika iandike jina la mashine yake kwa wino usiofutika.

Kwa wasomaji wengi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, mashine ya zamani iliyo karibu huenda ikawa PC ya 486 au Pentium, yaani siriali au PS/2. Amiga na Atari ST zilivuma zaidi Ulaya, hasa Ujerumani na Uingereza, kwa hiyo msomaji aliyeko huko ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana nazo kwenye masoko ya vitu vya mitumba.

## Kile kipachiko cha kijani

Umekiona: kipande kidogo cha plastiki, USB upande mmoja, PS/2 upande mwingine. Hakina chipu ndani, ni waya tupu. Kinafanya kazi kwa vipanya vya USB vilivyotengenezwa vikijua lugha zote mbili, na vipya vingi siku hizi havijui PS/2. Kijaribu kwanza kwa sababu hakigharimu kitu. Kipanya kikiitika kwenye kompyuta yenye PS/2, kihifadhi vizuri, kwa sababu kinakufungulia njia inayofuata.

## Arduino Nano na kipanya cha PS/2

Nano ina chipu ya ATmega328P: megahezi 16, kilobaiti 32 za kuhifadhi programu, kilobaiti 2 za RAM. Kwa vipimo vya leo ni kidogo mno, na kwa kazi hii zinabaki. Uzuri wake mkubwa ni volti 5. Amiga, Atari, Macintosh Plus na PS/2 zote zinazungumza kwa volti 5, kwa hiyo waya kutoka kwenye Nano zinakwenda moja kwa moja kwenye tundu bila chipu ya kati. Lehemu waya, pakia programu, chomeka.

Programu yenyewe si ngumu kuielewa. Unakiamsha kipanya kwa amri FF (namba hizi ni za heksadesimali), kinajibu FA, kisha AA, kisha 00. Unakipa F4 ili kianze kutuma, na tangu hapo kila ukikisogeza unapata baiti 3: vitufe na alama za mwelekeo, mwendo wa mlalo, mwendo wa wima. Saa ya PS/2 inaendeshwa na kipanya, kati ya kilohezi 10 na 16.7, kwa hiyo waya yake iunganishe na pini ya D2 au D3 ya Nano, zenye uwezo wa kuikatiza programu mara tu ishara inaposhuka. Kwa kasi hiyo ATmega inapata mizunguko inayokaribia 1000 kati ya biti na biti, na humo ndani inapata wasaa wa kutengeneza hatua za kwadracha upande wa pili.

Kwa PC yenye siriali, Nano inaweza kutuma 1200 kwa biti 7 kutoka kwenye UART yake (sehemu ya chipu inayotuma siriali) bila hila yoyote. Utahitaji tu MAX232 ya kugeuza volti 5 kuwa viwango vya RS-232, yaani volti za poti ya siriali.

Udhaifu wake uko mahali pamoja, nao ni mkubwa: Nano haiwezi kuwa mwenyeji wa USB, yaani upande unaokiendesha kipanya. Tundu lake la USB ni la kupokelea programu tu. Kwa hiyo unabaki kutafuta kipanya cha PS/2, au kile cha USB kilichokubali kipachiko cha kijani. Cha PS/2 chenye mwanga bado kinapatikana, na ukikipata sioni sababu ya kwenda njia ngumu zaidi. Lakini kama lengo lako ni kutumia kipanya chochote ulichonacho mezani, hasa kisichotumia waya chenye kidude chake cha USB, Nano peke yake haitakufikisha.

## Nano na bodi ya USB Host Shield

Kwa miaka mingi hili ndilo lilikuwa jibu: Arduino, na juu yake bodi yenye chipu ya MAX3421E inayofanya kazi ya mwenyeji wa USB kupitia SPI, njia ya chipu kuzungumza na chipu. Maktaba yake imekomaa na ina mifano ya kusoma vipanya. Mradi wa ADBuino, unaounganisha kipanya na kibodi za USB na Macintosh za ADB, ulijengwa kwa msingi huu.

Hata hivyo leo siipendekezi kwa anayeanza. Unanunua bodi mbili, zinakula nafasi, na ile ndogo ya Mini ina mtego: imeundwa kwa volti 3.3, na volti hizohizo ndizo inazokipa kipanya. Vipanya vingi vinataka 5, kwa hiyo ni lazima ukate njia moja ya shaba kwenye bodi na kuleta volti 5 kwa waya yako. Inawezekana, na wengi wameifanya. Lakini Pico moja inafanya yote hayo kwa fedha kidogo zaidi na waya chache zaidi.

## Raspberry Pi Pico

Pico ilitoka Januari 2021 kwa dola 4. Chipu yake, RP2040, ina viini viwili vya megahezi 133, kilobaiti 264 za RAM, na tundu la USB linaloweza kuwa mgeni au mwenyeji. Hilo la mwisho ndilo linaloipa ushindi hapa. Unachukua kebo ndogo ya OTG (inayoipa Pico tundu la kuchomekea kipanya), unachomeka kipanya cha kawaida, na maktaba ya TinyUSB inakisoma.

Kingine kinachonivutia ni PIO: vijiprosesa 8 vidogo vilivyo kando ya viini vikuu, vyenye kazi moja tu ya kuchezesha pini kwa wakati ulio sahihi kabisa. Mapigo ya kwadracha, saa ya PS/2, na biti za ADB ambazo kila moja huchukua takriban mikrosekunde 100, vyote unaweza kuvikabidhi huko, nacho kiini kikuu kikaendelea na USB bila kuyumbishwa. Kwenye Nano mambo hayo yote yanagombea kiini kimoja.

Gharama ya Pico iko kwenye volti. Pini zake ni za 3.3, na hazikuundwa kupokea 5. Hapa ndipo nawaona watu wakidanganyika. Wanasema: mimi natoa ishara tu, sipokei, na 3.3 inatosha kuhesabiwa kuwa 1 kwenye mantiki ya TTL ya chipu za zamani, ambayo inaanza volti 2. Hesabu hiyo ni sahihi. Kilichosahaulika ni kwamba waya za vitufe na za mwendo kwenye mashine hizi mara nyingi zina rezista zinazozivuta juu hadi volti 5. Mara Pico inapowaka, kabla programu haijazimiliki pini, volti hizo zinarudi ndani ya chipu. Pengine haitakufa leo. Lakini adapta inayokaa kwenye mashine usiyoweza kuinunua tena haifai kujengwa kwa pengine.

Dawa yake ni rahisi mno, na ndiyo mchoro ninaoupenda kuliko yote: chipu moja ya 7407. Ni bafa (vipitisha ishara) sita zenye kolekta wazi. Kwadracha inahitaji waya 4, vitufe viwili vinahitaji waya 2, jumla 6. Zinaenea bila kubaki hata moja. Pembejeo za 7407 zinaridhika na 3.3 kutoka kwa Pico, na matokeo yake hayasukumi volti yoyote, yanavuta tu kwenda ethi, kama kipanya halisi kilivyokuwa kikifanya na vitufe vyake. Weka rezista za kilo-omu 4.7 kutoka kila waya ya mwendo hadi volti 5, ili usitegemee zilizomo ndani ya kompyuta. Usiichanganye na 7406, ambayo hugeuza ishara juu chini. Nayo inafaa, mradi programu yako ijue.

Amiga na Atari ST zinatumia pini zilezile 1 hadi 4 kwa mwendo, ila mpangilio ni tofauti. Kwenye Amiga mlalo uko pini ya 2 na ya 4, wima uko ya 1 na ya 3. Kwenye Atari mlalo uko ya 1 na ya 2, wima uko ya 3 na ya 4. Vitufe ni ya 6 na ya 9 kwa zote mbili. Kwa hiyo adapta moja inazihudumia zote, ukiweka swichi ndogo ambayo programu inaisoma inapowaka. Wala hakuna waya ya kuhamisha.

Kwa PS/2 na ADB, 7407 haitoshi, kwa sababu kompyuta nayo inaongea kwenye waya hizohizo. Tumia vile vibodi vidogo vya kugeuza viwango vyenye transista za BSS138, vinavyopitisha ishara pande zote mbili. Kwa siriali, chukua MAX3232 badala ya MAX232, kwa kuwa hiyo inakubali kufanya kazi kwa 3.3.

Umeme wa Pico unaingia hivi: volti 5 kutoka kwenye kompyuta zinakwenda pini ya 40, VBUS, na kutoka hapo zinakilisha kipanya na Pico yenyewe. Maana yake ni kwamba usiiunganishe Pico na laptopu wakati bado iko kwenye Amiga. Vyanzo viwili vya umeme vitasukumana. Itoe, pakia programu, irudishe. Na kwa kuwa tundu la USB limeshikwa na kipanya, ujumbe wa kutafutia makosa upitishe kwenye pini za UART, GP0 na GP1.

Angalia pia chini ya kipanya. Kilichoandikwa volti 5 na miliampia 100 kinafaa. Vile vya michezo vyenye taa za rangi vinakula zaidi, na tundu la kipanya la mashine ya 1985 halikuwekwa kwa ajili ya taa. Poti ya siriali ndiyo maskini kuliko zote: RTS na DTR hazitoi hata robo ya kinachohitajika, kwa hiyo huko leta volti 5 kutoka nje, kwa chaja ya simu au kutoka kwenye tundu la kibodi la PC hiyohiyo.

## Hesabu ya mwendo, ambako adapta nyingi hushindwa

Bodi yoyote utakayochagua, hapa ndipo ubora wa adapta unapoonekana, na hapa ndipo Nano na Pico zinapotofautiana kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Vipanya vya miaka ya 1980 vilitoa takriban hatua 100 hadi 200 kwa inchi. Cha leo kinatoa 1600 bila kujitahidi. Kisogeze inchi 10 kwa sekunde, mwendo wa kawaida kabisa wa mkono, unapata hatua 16,000 kwa sekunde. Amiga ya PAL (mfumo wa TV wa Ulaya) husoma kihesabu chake mara 50 kwa sekunde, na kihesabu hicho ni cha biti 8. Hatua 16,000 ukizigawa kwa 50 ni 320 kwa kila usomaji, na kihesabu kinaweza kutofautisha mbele na nyuma hadi 127 tu. Ukizidisha hapo, mshale unarudi nyuma wakati mkono unakwenda mbele. Gawanya mwendo kwa 4, inabaki 80, na kila kitu kinatulia.

Siriali ina mlango mwembamba zaidi. Kila baiti inachukua biti 9 njiani, baiti 3 ni biti 27, na 1200 ukizigawa kwa 27 ni taarifa 44 kwa sekunde. Kipanya cha USB kinatuma 125, na vya michezo 1000. Adapta isiyojua hili inajaza foleni, na mshale unaendelea kutembea baada ya mkono kusimama. Adapta nzuri haiweki foleni: inajumlisha mwendo wote uliokuja tangu taarifa iliyopita, inatuma jumla isiyozidi 127, na ziada inaibakiza kwa taarifa inayofuata. Ukigawanya, baki ya mgao usiitupe, la sivyo miendo midogo inapotea na utashindwa kukilenga kitufe kidogo kwenye skrini.

Atari ST inataka upole wa aina yake. Kipanya chake hakisomwi na kihesabu bali na programu iliyomo ndani ya HD6301, chipu ndogo ya kibodi, na programu hiyo inapitia waya kwa zamu. Ukileta hatua haraka kuliko inavyozunguka, nyingine hazionekani. Macintosh Plus ina shida nyingine tena: kila badiliko kwenye waya moja ya kila mhimili linaikatiza prosesa ya 68000 yenyewe kupitia chipu ya SCC, kwa hiyo hatua nyingi zinaipunguzia mashine muda wa kazi. Kwa zote mbili zipe hatua nafasi sawasawa ndani ya muda, usizimwage kwa mkupuo. Kazi hii Pico huifanya kwa PIO na Nano huifanya kwa taima yake, na mkono wako hautahisi tofauti.

Tofauti inahisiwa mashine inapowashwa. Kipanya cha USB kinahitaji muda kidogo kutambulishwa, nayo BIOS (programu ya kuwashia) ya PC yenye PS/2 haina subira: inauliza FF, na isipojibiwa inaendelea kana kwamba tundu ni tupu. Programu ya Pico lazima ijibu FA, AA, 00 yenyewe hata kama kipanya hakijawa tayari. Vivyo hivyo kwa ile herufi M ya siriali. Ukiona fimwea (programu ya ndani ya adapta) ya mtu haifanyi hivi, tafuta nyingine.

## Bila waya kabisa

Bodi ya ESP32 inaweza kupokea kipanya cha Bluetooth, lakini chagua ile ya asili iliyotoka 2016, yenye Bluetooth ya zamani na ile ya LE (inayotumia umeme kidogo) pamoja. ESP32-C3 na ESP32-S3 zina LE tu, na vipanya vya miaka ya nyuma havitaunganika. Volti zake nazo ni 3.3, kwa hiyo 7407 inarudi palepale. Kwangu mimi kidude cha USB cha kipanya kisicho na waya, kikichomekwa kwenye Pico, ni njia fupi zaidi, isiyo na kuoanisha upya.

## Zilizotengenezwa tayari

Kwa Amiga na Atari kuna mouSTer, ndogo kiasi cha kujificha kwenye plagi yenyewe. Kwa ADB kuna Wombat, inayotafsiri pande zote mbili, na QuokkADB iliyojengwa juu ya RP2040. Kwa PC kuna HIDman, yenye chipu ya CH559, inayotoa PS/2 na siriali pamoja na kibodi, na michoro yake iko wazi kwa anayetaka kuijenga.

Zinagharimu zaidi ya vipuri, na kwa aliyeko Afrika Mashariki ongeza usafirishaji na ushuru, ilhali Pico, Nano na rezista unaweza kuzitafuta Luthuli ya Nairobi au Kariakoo ya Dar es Salaam. Lakini ADB nasema bila kusita: nunua, isipokuwa unapenda kuandika programu za mapigo. Na adapta ya ADB usiichomeke mashine ikiwa imewashwa, iwe ya kununua au ya kujenga.

| Njia | Kipanya kinachokubalika | Nyongeza ya kulehemu | Mahali pake |
|---|---|---|---|
| Kipachiko cha kijani | USB chenye PS/2 ndani | hakuna | PC yenye PS/2 |
| Nano | PS/2 | hakuna. MAX232 kwa siriali | Amiga, Atari ST, Mac Plus, siriali |
| Nano na Host Shield | USB | bodi ya pili, pengine kukata shaba | kama tayari unazo |
| Pico | USB, na kidude kisicho na waya | 7407, BSS138 au MAX3232 | karibu zote |
| ESP32 ya asili | Bluetooth | 7407 | Amiga, Atari ST |
| Ya kununua | USB | hakuna | ADB, au asiyetaka kulehemu |

## Siku ya kwanza kuichomeka

Kabla adapta haijagusa kompyuta, ilishe volti 5 kutoka kwenye chaja na upime kila waya inayotoka. Hakuna inayopaswa kuzidi 5 wala kushuka chini ya ethi, isipokuwa zile za MAX232. Sogeza kipanya polepole sana ukitazama waya mbili za mlalo: zinatakiwa kubadilika moja baada ya nyingine, kamwe si zote kwa pamoja. Zikiruka pamoja, jedwali la hatua kwenye programu limekosewa. Mpangilio ni 00, 01, 11, 10, kisha mwanzo tena. Mshale ukienda kinyume, badilisha waya mbili za mhimili huo kwa kila mmoja, kwenye programu na si kwenye lehemu. Kwenye DOS pakia draiva ya CuteMouse kwanza kabla ya kuhangaika na Windows, kwa sababu itakuambia mara moja kama imekipata kipanya na kwenye poti ipi.